Barnum, mpiga debe aliyejua bei ya neno

Wahenga walituachia methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake haifichiki. Bidhaa njema haihitaji kelele, na anayezunguka mtaani akinadi mali yake kwa sauti kubwa huenda ana kasoro anayoificha. Ni methali yenye busara, lakini katika karne ya kumi na tisa alitokea Mmarekani mmoja aliyeipindua juu chini. Kwake yeye, kizuri na kibaya vyote vilitembezwa, vyote vilinadiwa na vyote vilinunuliwa. Mtu huyo aliitwa Phineas Taylor Barnum.

Nimemchagua Barnum kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wa siku hizi wamemjua kupitia filamu ya mwaka 2017 inayomwonyesha akiimba na kucheza, mlezi wa watu waliotengwa na jamii. Filamu hiyo haimtaji kabisa mwanamke aliyemfungulia njia ya umaarufu. Pili, fani ninayoifundisha ni isimu, na sijaona maisha ya mtu mwingine yanayotuonyesha waziwazi kama haya jinsi neno moja, likichaguliwa kwa ujanja, linavyoweza kuwa mali kwa mmoja na pingu kwa mwingine.

Sisi Wakenya tunamwita mtu wa namna hii mpiga debe. Yuko mpiga debe wa kituo cha matatu, yuko wa siasa, na yuko wa wasanii na watu mashuhuri. Kazi zao hazitofautiani sana: ni kuifanya hadhira igeuze shingo. Barnum ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa taaluma, na mengi wanayoyafanya wapiga debe wa leo aliyafanya yeye kabla babu zetu hawajazaliwa.

Alizaliwa tarehe 5 Julai 1810 katika kijiji cha Bethel, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake alifariki Phineas akiwa na umri wa miaka 15, akaiachia familia madeni. Kijana akaajiriwa dukani. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunza kwamba muuzaji na mnunuzi walikuwa wakidanganyana mchana kutwa. Wateja walileta marobota ya matambara yaliyofichwa mawe ndani ili uzito uongezeke, na wenye duka nao waliuza kahawa iliyochanganywa na njegere na mahindi yaliyokaangwa. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ni mwongo, lakini biashara iliendelea.

Mwaka 1831 Barnum alianzisha gazeti dogo mjini Danbury. Kalamu yake ilikuwa kali kuliko tahadhari yake, naye akashtakiwa kwa kumkashifu mzee mmoja wa kanisa aliyemshutumu kwa kutoza riba. Mwaka 1832 alihukumiwa kifungo cha siku 60. Siku aliyotoka gerezani alipokewa kwa gwaride, bendi ya muziki na mlio wa mizinga, mambo yaliyokuwa yamepangwa mapema. Mfungwa akarudi nyumbani kama bwana harusi. Nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba hata aibu, ikitangazwa vizuri, huzaa sifa.

Sasa tumfikie yule mwanamke. Mwaka 1835 Barnum alikuwa jijini New York, hana kazi ya maana. Akasikia habari za ajuza mmoja Mwafrika, mtumwa, aliyekuwa akionyeshwa kwa watu mjini Philadelphia. Jina lake lilikuwa Joice Heth. Ilidaiwa kwamba alikuwa na umri wa miaka 161 na kwamba ndiye aliyekuwa yaya wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa mtoto mchanga. Barnum alitoa dola 1,000, nusu ya fedha hizo zikiwa za kukopa, akampata.

Nimesema akampata, kwa sababu mkataba wenyewe ulichagua maneno kwa uangalifu. Haukusema kwamba Barnum amemnunua mtu. Ulisema amepata haki ya kumwonyesha. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisheria katika jimbo la New York mwaka 1827, na kwa hiyo neno kununua lingeleta matata. Haki ya kuonyesha ni maneno matamu zaidi. Hata hivyo, bibi huyo alikuwa kipofu, hana meno, miguu yake na mkono mmoja vimepooza, na hakuwa na pa kwenda. Tofauti kati ya kumnunua na kununua haki ya kumwonyesha ilikuwa ya wino tu.

Alionyeshwa saa nyingi kwa siku, akiimba nyimbo za kanisa na kusimulia visa vya utoto wa Washington. Watu walilipa, wakamshika mikono, wakahesabu mapigo ya moyo wake. Umati ulipoanza kupungua katika majimbo ya kaskazini mashariki, barua isiyo na jina la mwandishi ilitokea gazetini. Ilidai kwamba Joice Heth si mtu hata kidogo, bali ni sanamu iliyoundwa kwa mifupa ya nyangumi, mpira na springi nyingi. Hapo hata waliokwisha kumwona walirudi kumtazama tena ili wahakikishe.

Msomaji, tusimame hapa kidogo, kwa maana huu ndio ufunguo wa maisha yote ya Barnum. Wengi wanadhani kwamba alikuwa hodari wa kuwafanya watu waamini uongo. Sivyo. Ugunduzi wake ulikuwa kwamba kuaminiwa si lazima. Kinachohitajika ni watu kubishana. Anayeamini hulipa ili atazame, asiyeamini hulipa ili athibitishe kwamba si kweli, na anayesitasita hulipa mara mbili. Ubishi ukiwashwa vizuri, mpiga debe anaweza kukaa kivulini akihesabu fedha.

Joice Heth alifariki tarehe 19 Februari 1836. Mtu angedhani kwamba kifo kingempa mapumziko. Siku sita baadaye Barnum alikodi ukumbi jijini New York, akaruhusu daktari mpasuaji aipasue maiti mbele ya hadhira. Watu wapatao 1,500 walilipa senti 50 kila mmoja. Daktari alihitimisha kwamba marehemu hakuwa amezidi miaka 80. Uongo ulikuwa umefichuka, lakini hata ufichuzi huo uligeuzwa kuwa bidhaa. Msaidizi wa Barnum alimnong'onezea mhariri mmoja kwamba maiti iliyopasuliwa ilikuwa ya mwanamke mwingine, na kwamba Heth yu hai. Mhariri akachapisha. Magazeti yakabishana upya.

Nakiri kosa langu. Kwa miaka kadhaa nilimtumia Barnum darasani kama kichekesho cha kuchangamsha mhadhara juu ya lugha ya matangazo. Wanafunzi walicheka, nami nilifurahi kwamba wamecheka. Mwaka mmoja msichana aliyekaa nyuma akaniuliza huyo bibi mwenyewe alisema nini kuhusu mambo hayo. Sikuwa na jibu. Nilirudi maktabani, na nilichokuta ni kwamba karibu kila neno lililohifadhiwa kwa jina la Joice Heth lilisemwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tunayo maneno mengi sana juu yake. Yake mwenyewe, aliyoyasema kwa hiari yake, hatunayo. Tangu siku hiyo sijamfundisha Barnum kama kichekesho.

Tuendelee na safari yake. Mwanzoni mwa mwaka 1842 alifungua jumba la makumbusho katika barabara ya Broadway, New York. Kiingilio kilikuwa senti 25. Ndani mlikuwa na wanyama, sanamu za nta, mawe, ndege waliokaushwa, majitu, na ukumbi wa mihadhara na maigizo. Nje, kwenye roshani, aliweka bendi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwatafuta wapigaji wabovu kuliko wote, ili watu waliokuja kusikiliza muziki wa bure wakimbilie ndani kuikwepa kelele. Debe tupu haliachi kuvuma, na Barnum alikuwa amepata namna ya kuufanya mvumo wenyewe ulipe.

Kisa kimoja cha jumba hilo kinanifurahisha kama mwanaisimu. Siku moja ya sikukuu wageni waliingia na vyakula vyao wakakataa kutoka, na waliokuwa nje wakakosa nafasi. Barnum akaamuru kiandikwe kibao juu ya mlango wa nyuma. Hakutumia neno la kawaida la Kiingereza la njia ya kutokea, bali neno la asili ya Kilatini lenye maana ileile, ambalo wasomi pekee walilijua. Watu wakadhani ni jina la mnyama wa ajabu. Wakaufuata mshale, wakajikuta barabarani. Kibao hakikusema uongo hata kwa herufi moja. Waliodanganyika walidanganywa na ukweli ulioandikwa kwa lugha isiyokuwa yao. Walimu wenzangu, tukumbuke hilo kila tunapowapa wanafunzi hati iliyojaa maneno mazito, na kila tunapotia sahihi mkataba ambao hatukuuelewa.

Mwaka huohuo wa 1842 alimleta nguva. Sisi watu wa mwambao wa Afrika Mashariki tunalijua neno hilo kwa maana mbili: mnyama wa baharini anayenyonyesha, ambaye sasa ni nadra mno, na yule mwanamke wa hadithi aliye nusu mtu nusu samaki. Nguva wa Barnum, aliyeitwa wa Fiji, hakuwa hata mmoja wa hao. Alikuwa kiwiliwili cha nyani kilichokauka, kikaunganishwa na mkia wa samaki. Barnum alimkodi kutoka kwa mwenye makumbusho mwenzake wa Boston, kisha akapanga barua zitumwe kwa magazeti ya New York kutoka miji mbalimbali, zikitaja kama kwa bahati tu msomi wa Uingereza aliyekuwa akisafiri na nguva. Msomi huyo alikuwa yule msaidizi wake wa siku za Heth, aliyebadilishiwa jina na kupewa shahada. Vijitabu 10,000 vikasambazwa, vikiwa na picha za wanawali wazuri wa baharini. Walioingia wakakuta kitu cheusi kilichokunjamana. Mapato ya jumba, kwa hesabu ya Barnum mwenyewe, yaliongezeka karibu mara tatu.

Mwishoni mwa mwaka huo alikutana mjini Bridgeport na mtoto aliyeitwa Charles Stratton, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano na ambaye kimo chake kilikuwa inchi 25 tu. Barnum alijua kwamba mtoto mdogo mwenye kimo kidogo hashangazi sana. Basi matangazo yakasema kwamba ana miaka 11 na kwamba ametoka Uingereza. Akampa jina la Tom Thumb kutoka katika hadithi za kale za Waingereza, akamvika cheo cha Jenerali. Mwaka 1844 wakaenda London, mtoto akamchekesha Malkia Victoria katika kasri lake, na baada ya hapo kila tajiri alitaka kumwona.

Hapa sitaki kumhukumu Barnum kwa haraka. Stratton alianza kwa malipo ya dola tatu kwa wiki, lakini alipokua alikuwa tajiri, akamiliki nyumba na farasi. Mwaka 1863 alimwoa Lavinia Warren katika kanisa maarufu la New York, na maarusi wakapokewa na Rais Lincoln katika Ikulu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Barnum alipofilisika mwaka 1856 baada ya kuiamini kampuni moja ya kutengeneza saa, Stratton alijitolea kumsaidia kwa kusafiri naye Ulaya. Mtu anayetumiwa tu hamsaidii hivyo aliyemtumia. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba mtoto wa miaka mitano alifundishwa kusema uongo juu ya umri wake, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Kilele cha upigaji debe wake kilikuwa mwaka 1850. Jenny Lind wa Uswidi alikuwa mwimbaji mashuhuri sana Ulaya, lakini Wamarekani wengi hawakumjua. Barnum mwenyewe hakuwahi kumsikia akiimba. Hata hivyo alimwahidi dola 1,000 kwa kila tamasha, kwa matamasha hadi 150, akaweka dola 187,500 benki London kabla ya mwimbaji kupanda meli. Kisha akawa na miezi kadhaa ya kuitayarisha nchi nzima.

Alifanyaje? Hakuinadi sauti, kwa kuwa sauti haichapishiki gazetini. Aliinadi tabia. Magazeti yakajaa habari za ukarimu wa Lind, sadaka zake kwa maskini, unyenyekevu na uchaji wake. Alipotia nanga New York tarehe 1 Septemba 1850, maelfu kwa maelfu ya watu walimngoja bandarini, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia noti moja kutoka kinywani mwake. Tiketi ya kwanza ilipigwa mnada, ikanunuliwa na muuza kofia kwa dola 225, na kofia zake zikajulikana nchi nzima. Mapato ya matamasha yote waliyoyafanya pamoja yalizidi dola 700,000. Lind, ambaye kwa kweli alitoa sehemu kubwa ya fungu lake kwa hisani, alichoshwa na kelele hizo, na mwaka 1851 akauvunja mkataba kama sheria zake zilivyomruhusu. Tufahamu kwamba Barnum hakusema uongo mkubwa juu ya Lind. Alikuwa amegundua kwamba wema wa mtu nao unauzika.

Mwishoni mwa mwaka 1854 alitoa kitabu cha maisha yake, akiwa na umri wa miaka 44 tu. Humo alieleza kwa furaha jinsi alivyofanya hila zake nyingi. Wahakiki walikasirika. Walisema kwamba kulaghai ni kosa, lakini kujisifia ulaghai na kuwauzia walaghaiwa hadithi yake ni ufidhuli. Kitabu kikanunuliwa sana. Katika toleo jipya la mwaka 1869 alipunguza majigambo, na kuhusu Joice Heth alikiri kwamba onyesho lile lilistahili sifa kidogo kuliko yote aliyoyafanya. Hakwenda mbali zaidi ya hapo.

Nimefika mahali panaponisumbua kuliko pote. Mwanzoni mwa mwaka 1860, miezi michache baada ya Darwin kuchapisha kitabu chake juu ya asili ya viumbe, Barnum alimweka mtu mweusi jukwaani katika jumba lake, akamvika manyoya na kuwaambia watu kwamba huenda ni kiumbe aliye kati ya mtu na nyani. Hakumpa jina. Mahali pa jina aliweka swali: watazamaji waliulizwa kile kilikuwa ni kitu gani.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati ya kuona upesi kosa lililomo. Lugha yetu imetenganisha nani na nini. Tukisikia mlango ukibishwa tunauliza nani. Tukiona mzigo umeachwa njiani tunauliza nini. Hata mtoto mdogo hachanganyi maneno hayo mawili. Kiingereza nacho kina kiwakilishi cha mtu na kiwakilishi cha kitu, na Barnum, bingwa wa maneno, alichagua cha kitu. Tusi zima lilikuwa ndani ya silabi moja, na kwa kuwa lilivaa vazi la swali, hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba amesema uongo. Alikuwa ameuliza tu. Wangapi leo huuliza tu?

Lakini maisha ya mtu hayaendi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1865 Barnum huyohuyo alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Connecticut. Katiba ya jimbo iliwapa haki ya kupiga kura wanaume weupe pekee, na hoja ilikuwa kuliondoa neno hilo moja, weupe. Mwezi wa Mei alisimama bungeni akatetea kuondolewa kwake kwa hotuba ndefu, akisema kwamba roho ya binadamu haibadiliki thamani kwa kukaa katika mwili wa Mchina, Mturuki, Mwarabu au Mwafrika. Katika miaka hiyohiyo alikiri kwamba aliwahi kumiliki watumwa alipokuwa akisafiri kusini, na akajilaani kwa hilo. Wabunge walikubali, lakini wapiga kura wenyewe, wanaume weupe, waliikataa hoja hiyo mwezi wa Oktoba. Waafrika wa Connecticut walisubiri hadi mwaka 1870, katiba ya nchi nzima iliporekebishwa.

Wako wanaosema kwamba hotuba ile ilifuta ya nyuma. Wako wanaosema kwamba ilikuwa debe jingine tu. Mimi sioni sababu ya kushuku kwamba aliyaamini maneno yake siku ile, maana hayakumletea faida. Lakini toba inayosemwa mbele ya bunge haimfikii ajuza aliyelala kaburini miaka 29. Deni la neno hulipwa kwa aliyekopwa, na Joice Heth hakulipwa.

Baada ya jumba lake kuteketea kwa moto mwaka 1865, na la pili mwaka 1868, Barnum aligeukia sarakasi. Alikuwa meya wa Bridgeport mwaka 1875. Mwaka 1881 akaungana na James Bailey, na mwaka 1882 akafanya biashara yake ya mwisho iliyotikisa dunia: alimnunua ndovu.

Ndovu huyo alikamatwa akiwa mdogo kaskazini mashariki mwa Afrika, akapelekwa Paris, kisha mwaka 1865 bustani ya wanyama ya London, ambako watoto wengi walimpanda mgongoni. Jina lake lilikuwa Jumbo. Barnum alimnunua kwa pauni 2,000. Uingereza ikalia. Watoto waliandika barua za kuomba asiuzwe, magazeti yakapiga kelele, kesi ikafikishwa mahakamani. Barnum hakukasirika, kwani kila chozi la Mwingereza lilikuwa tangazo la bure Marekani. Jumbo alifika New York mwezi wa Aprili 1882.

Wanafunzi wangu hupenda kuandika kwamba jina Jumbo limetokana na jambo au jumbe, na kwamba Kiswahili ndicho kilichoipa dunia jina la ndege zile kubwa zilizotua Embakasi. Ningependa iwe hivyo, lakini upendo wa lugha si ushahidi. Ndovu huyo alikamatwa mbali na pwani ya Waswahili, na neno hilo lilikuwa limekwisha kutumika katika Kiingereza cha mitaani miongo kadhaa kabla yake, kwa maana ya mtu mkubwa mzito. Lililo wazi ni kwamba matangazo ya Barnum ndiyo yaliyolieneza duniani kwa maana ya kitu kikubwa kupita kiasi. Tukimpokonya sifa hiyo na kujivika wenyewe bila hoja, tutakuwa tumekuwa wanafunzi wake bila kujua.

Tarehe 15 Septemba 1885 Jumbo aligongwa na gari moshi katika mji wa St. Thomas, nchini Kanada, akafa. Barnum akatangaza kwamba alikufa akimwokoa ndovu mdogo mwenziwe. Kisha ngozi ikajazwa, mifupa ikaunganishwa, na watu wakauziwa tiketi za kumtazama Jumbo wawili mahali pa mmoja. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita tangu mwaka 1836, na bado alikuwa yuleyule aliyejua kuuza maiti.

Alifariki mjini Bridgeport tarehe 7 Aprili 1891, akiwa na miaka 80. Alipokuwa mgonjwa, gazeti moja la New York lilichapisha tanzia yake kabla hajafa ili aisome mwenyewe, na inasemekana aliifurahia. Sarakasi iliyobeba jina lake ilifungwa mwaka 2017 baada ya malalamiko ya miaka mingi juu ya ndovu na kupungua kwa watazamaji, ikarudi mwaka 2023 bila wanyama. Na kuna msemo maarufu kuhusu wajinga wanaozaliwa kila dakika, ambao dunia nzima humbandika yeye. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuutamka. Aliyewatia wengine maneno kinywani naye ametiwa.

Walimu wenzangu, vijana tunaowafundisha hawahitaji kulipa senti 25 ili waingie katika jumba la Barnum. Wanalibeba mfukoni. Kila mmoja wao sasa anaweza kuwa mpiga debe, na kila mmoja anaweza kuwekwa jukwaani na mwingine bila kuombwa ridhaa. Kuwaambia wasiamini uongo hakutoshi, maana tumeona kwamba Barnum hakuwahitaji waamini. Alihitaji wabishane tu.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijamtaja Barnum darasani, huwapa wanafunzi tangazo au habari yoyote inayovuma na kuwataka wajibu maswali matatu. Nani anapata faida watu wakibishana juu ya jambo hili? Ni neno gani lingebadilishwa, na habari yote ikaanguka? La tatu nililipata kwa yule msichana wa kiti cha nyuma, na ndilo tunalokaa nalo muda mrefu zaidi: mtu huyu anayesemwa, yeye mwenyewe amesema nini?